Kiti cha Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipanga fremu za maduka na kugombania choo kama sisi, Mzee Tembo alikuwa na jengo kubwa sokoni. Msimamizi wake alikuwa Pimbi. Mdogo, anaenea kwenye kikapu, lakini acheni! Kukicha tu, keshazibua mitaro, kesharekebisha vitasa, keshaamua ugomvi wa Fisi muuza nyama na Nyegere muuza asali.

Jambo moja lilimshinda: paa.

"Mzee, paa linavuja. Vitambaa vya Bi Kwale vimelowa tena."

"Paa langu halivuji!" Tembo alifoka. "Kodi ni ya kula, si ya kununulia mabati!"

Bi Kwale, fundi cherehani, alikuwa ameanza kufunga mizigo. "Masika hayanikuti hapa, Pimbi. Nahama."

Pimbi akapiga hesabu haraka. Bi Kwale akihama, wateja watamfuata, na wapangaji wengine nao. Jengo litabaki gofu. Naye aliishi mle mle darini na wanawe, hakuwa na kwingine.

"Dada, nisubiri mpaka mvua ya kwanza tu," alimsihi.

Kisha akamwendea Tembo. "Mzee, mwenye jengo mzima unasalimiwa njiani njiani? Kaa ukumbini, watu waje wakupe shikamoo zako!"

Loo! Tembo alipenda shikamoo kuliko miwa. Pimbi akamwekea kiti kikubwa mlangoni pa Bi Kwale, chini ya lile bati bovu, na wingu lilipotanda akawapanga wapangaji foleni.

Ngurumo, ngu-ru-ru! Mvua, mwaaa!

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba!" To! Tone la utosini.

"Shikamoo, Mzee! Mbona umelowa?"

"Jasho tu!" To! To! To!

"Jasho la kuingia sikioni?" Nyegere akauliza.

Chwaaa! Bati likaachia, maji yakammwagikia mgongo mzima.

"Pimbiii! Niitie fundi! Mabati mapya, leo leo!"

"Lakini Mzee, paa lako si halivuji?"

Tembo akamkazia macho. Halafu akaangua kicheko mpaka kiti kikavunjika, kraa! "Mjanja wewe! Umenikalisha chini ya ubahili wangu mwenyewe!"

Bi Kwale akafungua mizigo yake. Jengo lile wajukuu wa Tembo wanalipangisha hadi leo, na wajukuu wa Pimbi wanalala darini, wakavu. Mimi Pimbi yule namvulia kofia.

Basi wanangu, anayetaka jengo limlishe kesho, alitunze leo.