Shamba Lililoitwa Mahame

Ukoo mmoja ulikuwa na msimulizi wake, mwanamke mtu mzima aitwaye Bi Mwajabu. Kila mwaka, kabla ya kufyeka mashamba mapya, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akaeleza jinsi babu yao Sekwao alivyoingia pori tupu na shoka moja. Shoka hilo, alisema, ndilo lililowafanya wawe wagumu na huru, wasiompigia mtu magoti. Watu walimeza kila neno. Nani asiyependa kusifiwa?

Mwaka huo kaka yake, Semkiwa, mkuu wa ukoo, alitaka wavuke kijito wakafyeke upande wa pili. Ng'ambo waliishi warina asali wachache, wasiolima. "Hilo nalo ni pori tu," alisema. Kilichosubiriwa ni simulizi. Bi Mwajabu akishamaliza, vijana wangevuka na mapanga yao na warina asali wangeondoka.

Siku tatu kabla ya simulizi, Bi Mwajabu alikuwa akilima shamba lake ambalo ukoo wote huliita Mahame. Jembe likagonga jiwe. Akafukua, akakuta mafiga matatu na jiwe la kusagia lililolika katikati. Miaka thelathini alikuwa akilitamka jina hilo bila kulisikia. Mahame ni mahali walipohama watu, na aliyepaita hivyo ni babu mwenyewe, siku aliyofika.

Siku ya kusimulia ikawadia. Alijua kwamba akinyamaza kuhusu mafiga yale atashangiliwa, na akisema atanyang'anywa kigoda cha usimulizi alichokirithi kwa mama yake. Akapiga moyo konde. Alisimulia shoka, akasimulia jasho na njaa ya miaka ya mwanzo, wala hakumpunguzia babu sifa hata moja, kwa kuwa zote zilikuwa za kweli. Kisha akamgeukia mkuu wa ukoo.

"Kaka, kama babu alikuta pori tupu, mbona alipaita Mahame?"

Semkiwa alifoka. Kigoda kilichukuliwa siku ileile, akapewa mtu mwingine mwenye sauti tamu. Bi Mwajabu alirudi nyumbani kwa miguu yake, bila kujuta. Na mwaka huo hakuna kijana aliyevuka kijito.

Nasi tunaojisifu kwamba pori ndilo lililotuzaa majasiri, tumewahi kuuliza ujasiri huo ulimhamisha nani?