Jina Juu ya Kioo cha Lori

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana barabara ya kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam ilikwisha kutiwa lami, palikuwa na mwanamke mmoja wa Uyole aliyeitwa Atupele. Mwanamke huyo alikuwa na ubao mmoja na watu watatu wa kushukuru. Kaeni vizuri niwaeleze, kisha nitawauliza swali.

Madereva wa barabara ile walikuwa na desturi yao. Dereva akikabidhiwa lori lake la kwanza, hupewa ubao wa kuweka juu ya kioo cha mbele, na kwenye ubao huo huandikwa jina la mtu ambaye bila yeye asingeshika usukani. Mtu mmoja tu. Tangu siku hiyo wenzake humwita dereva huyo kwa jina la ubaoni. Akifika kituo cha mizani, ndilo jina lake. Akiharibikiwa njiani, ndilo jina watakaloulizia. Ubao haufutwi. Na asiyeandikwa naye hujua kwamba hakuandikwa.

Sasa, Atupele hakuanza na usukani. Alisoma takwimu chuo kikuu, akahitimu, akaajiriwa kuhesabu magari. Msicheke, kazi hiyo ipo. Alikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, karatasi mezani, kalamu mkononi. Lori likapita, akatia mstari. Basi likapita, akatia mstari. Lori likapita, akatia mstari. Miaka sita. Mwenzake akisema yamepita malori mia mbili na kumi, Atupele husema, "Mia mbili na kumi na moja. Lile la mwisho lilikuwa linavutwa, lakini lilipita kwa matairi yake."

Katika mwaka wa sita aligundua jambo ambalo hakuliandika popote. Kila lori lililopita lilimwacha na wivu.

Lakini alikuwa mtu wa wasiwasi. Alikuwa mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango. Alitaka kuondoka na aliogopa kuondoka, na hali hiyo ilimchukua miezi minane ya kukosa usingizi.

Wa kwanza kumsaidia alikuwa Mzee Lwitiko, dereva wa miaka ishirini na saba, aliyezoea kusimama karibu na kibanda kununua mahindi ya kuchoma. Atupele alimwuliza gari lake lina gia ngapi. Kesho yake akamwuliza breki za tela zinapataje upepo. Wiki iliyofuata akamwuliza kwa nini tairi la ndani huisha kabla ya la nje.

"We binti," Lwitiko akamwambia, "unataka kuliandika lori au unataka kuliendesha?"

Atupele akaitazama kalamu mkononi mwake.

"Basi kata leseni ya magari makubwa, uje uwe utingo wangu. Utafunga turubai, utaangalia matairi, na nikiona inafaa nitakupa usukani."

Madereva wenzake walimsimanga. "Lwitiko, utingo wako ana digrii. Wewe una nini?"

"Nina utingo mwenye digrii," Lwitiko akajibu, akaendelea kula muhindi wake.

Wa pili alikuwa mkuu wake wa kazi, Bwana Chaula, mtu mkimya aliyetembea na mwavuli hata kiangazi. Atupele alimpelekea barua ya kuacha kazi. Bwana Chaula akaisoma, akaifungia ndani ya mtoto wa meza, akampa karatasi nyingine.

"Andika kwamba unaomba likizo ya mwaka mmoja bila malipo."

"Lakini mimi naacha, bosi."

"Ukishaacha utaniambia. Kwa sasa unakwenda kuangalia."

Siku hiyo Atupele alilala usingizi mzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Hakujua, aliambiwa baadaye, kwamba wakubwa hawakuleta mtu wa kushika nafasi yake. Kila siku ya zamu yake, Bwana Chaula mwenyewe alikwenda kukaa kibandani na mwavuli wake. Lori likapita, akatia mstari.

Wa tatu alikuwa mama yake, Mama Subilaga, naye hakumsaidia. Alimkataza. Alimkataza jikoni, alimkataza wakitoka kanisani, alimkataza mbele ya wageni. Mara kumi na moja, Atupele aliziandika. "Nilikusomesha ukae kivulini," mama alisema. Lwitiko akipita na kumsalimu, mama huyo alikuwa akitazama migomba bila kuitika.

Atupele akaenda. Miezi mitano alifunga turubai na kuangalia matairi. Mwezi wa sita Lwitiko akampa usukani kwenye tambarare. Mwezi wa saba wakafika juu ya mlima Kitonga, lori limebeba shaba tani ishirini na nane, mlima wote uko chini yao na kona zake.

"Gia ya kushukia huchaguliwa hapa juu," Lwitiko akasema. "Ukishaanza kushuka, usiiguse tena. Hata moyo ukikwambia nini."

Atupele akachagua ya tatu. Ilikuwa sahihi. Akashuka kona ya kwanza, sahihi. Kabla ya kona ya pili wasiwasi ukamwingia. Je, haikupaswa kuwa ya pili? Akakanyaga klachi, akaitoa ya tatu ili aingize ya pili, na ya pili ikakataa kuingia. Lori likawa halina gia. Tani ishirini na nane zikaanza kulisukuma.

Lwitiko hakupandisha sauti. "Usitafute gia. Breki, achia. Breki, achia. Lilete upande wa mlima. Liegemeze."

Lori likakwaruza ukuta wa mlima, kioo cha pembeni kikavunjika, moshi ukatoka magurudumuni, likasimama. Hakuna aliyeumia. Vidole vya Atupele viligoma kuachia usukani, Lwitiko akavibandua kimoja kimoja, huku akisema, "Tumesimama, binti. Tumesimama."

Mwenye magari aliyemwajiri Lwitiko alipokasirika, Lwitiko alimwambia, "Usukani nilimpa mimi. Niulize mimi." Akaondolewa barabarani miezi miwili. Dereva wa miaka ishirini na saba akawa anaosha malori ya wenzake uani kwa mwenye magari.

Atupele akarudi nyumbani. Asubuhi akaenda kibandani. Bwana Chaula hakumwuliza kitu. Alisimama, akampisha kiti, akampa kalamu. Mama alipika ndizi na maharage ya karanga, akaimba jikoni. Alikuwa amepata alichokiomba.

Siku ya kumi na mbili, mama akampelekea chakula kibandani. Lori likapita, Atupele akatia mstari. Lori likapita, akatia mstari. Mama akatazama chini ya meza.

"Mwanangu, mguu wako unafanya nini?"

Atupele naye akatazama. Hakuwa amejua. "Unakanyaga klachi, mama."

Mama akautazama mguu ule mpaka malori manne yakapita. Kisha akasema, "Nilimwomba Mungu akurudishe. Kumbe kanirudishia mkono wa kuandika tu." Akafunika chakula, akainuka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye ule ua ambako Lwitiko alikuwa anaosha malori, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akamwambia mtu ambaye hakumsalimu miezi saba, "Ndaga, baba, asante kwa kunirudishia mwanangu mzima. Sasa mchukue tena."

Jioni ile akamwambia Atupele, "Nenda ukaushuke ule mlima. Mimi nitaogopa kwa niaba yetu wote wawili."

Miezi miwili ya Lwitiko ilipokwisha, Atupele akaushuka. Akachagua ya tatu juu. Kona ya pili wasiwasi ukamwambia, gusa. Hakugusa. Akafika chini, akasimamisha lori, akashuka, akalia. Lwitiko alimwacha alie, akaenda kupiga matairi kusikiliza kama yana upepo, ingawa yalikuwa mazima.

Baada ya mwaka, mwenye magari akamkabidhi lori lake na ubao wake.

Atupele akawaalika wote watatu uani, maana alitaka kuwashukuru pamoja. Kabla ya siku hiyo alikuwa amechora jedwali kwenye daftari: nani alitoa nini, nani alipoteza nini, nani angeweza kukosekana na bado mambo yakaenda. Akawapa alama. Zikalingana. Akabadilisha vigezo, zikalingana tena. Kila alipojaribu kumweka mmoja chini, aliona haya mbele ya daftari lake mwenyewe.

Siku ilipofika, mchoraji wa kuandika ubao akaweka ngazi. "Dada, jina."

"Haiwezekani kuandika matatu?"

"Matatu ni hotuba. Lori likipita mbio, nani atayasoma?"

Lwitiko akakohoa. "Mimi sipendi kujisifu, lakini ubao ni wa barabarani na mimi ndiye mtu wa barabarani. Mikono hiyo nimeifundisha mimi. Siku ya Kitonga nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, ninyi mlikuwa kwenye viti vyenu. Na uani hapa nimeosha magari."

"Mzee, ulimfundisha mtu aliyekuja," Bwana Chaula akasema. "Nani alimwezesha kuja? Huyu hawezi kutoka chumbani bila kujua ufunguo uko wapi. Nilimwambia kiti chake kipo, ndipo akaweza kukiacha."

"Na ndipo akakikimbilia. Wewe ulimwekea pa kujificha."

"Alipumzika, akaondoka tena. Asingekuwa na pa kupumzika, angekuwa amekwisha."

"Mmemaliza?" Mama Subilaga akauliza. "Baba Lwitiko, wewe unapenda malori, ukampa lori. Bwana Chaula, wewe unapenda utaratibu, ukampa likizo. Kila mmoja katoa kwa wingi alionao. Mimi nilitaka akae. Akakaa. Ningenyamaza, ningekuwa naye mpaka leo, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikamtoa."

"Baada ya kumkataza mara kumi na moja," Lwitiko akasema.

"Kumi na mbili. Moja hakuisikia."

Wakacheka, hata Bwana Chaula. Lakini Atupele aliona kwamba kila mmoja, akicheka, aliutupia ubao jicho.

Akawatazama watu wake watatu, kifua kikamjaa shukrani. Alijua kwamba wote wangempungia mkono, na kwamba wawili wangerudi nyumbani polepole zaidi. Mzigo ulitakiwa kutoka saa sita. Ilikuwa saa tano na robo. Rangi ilihitaji nusu saa kukauka.

"Dada," mchoraji akasema kutoka ngazini, brashi imekwisha kuchovywa, "niandike nani?"

Atupele akalitaja jina, na mchoraji akaliandika. Mimi ninalijua lakini siwaambii, kwa sababu kila ninapolitaja, nusu ya wanaonisikiliza hunikasirikia. Semeni ninyi kwanza. Yupo aliyempa mikono ya kuendesha, akaadhibiwa kwa ajili yake. Yupo aliyemlindia pa kurudi, ndipo akathubutu kuondoka. Na yupo aliyekuwa amempata tena, akamwachia aende. Je, nani alistahili kuandikwa juu ya kioo?