Chujio la Mwangwi

"Mwagiza kisichokuwepo ndiye mpokeaji." Bibi Tupokigwe, muuza chai wa jirani na gereji, alimwambia hivyo Gwakisa, aliyekuwa akicheka kwa kumtuma mwenzake mgeni akatafute kopo la cheche za plagi. Vijana wa gereji wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akasema, huku akifuta vikombe.

Hapa Tukuyu walikuwepo watu waliopenda magari kuliko chakula. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana kwenye uwanja unaotazamana na jabali, wakafungua maboneti na kupimana. Kipimo chao kilikuwa mwangwi. Mtu aliwasha injini, akapiga honi, wote wakanyamaza kusikiliza jabali linajibu nini. Gari zima lilijibiwa safi, bovu lilijibiwa kwa mkwaruzo. Pikapu ya Lutengano Mwakyoma ndiyo iliyojibiwa vizuri kuliko zote, na hakuwa na fahari nyingine duniani.

Ulimi nao alikuwa nao. Mgeni akija na gari lenye shida, Lutengano alimshauri atoe upepo wa kiangazi kwenye matairi atie wa masika, au ainyweshe rejeta maziwa ya mgando. Wenzake walivunjika mbavu. Mgeni akishagundua, alicheka nao, na tangu hapo akawa mwenzao.

Ndipo akaja Mama Sekela, mjane, na gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Liliguna kwenye kila mlima, naye aliogopa lisije likamfia na lenyewe. Lutengano akaiinamia injini kwa muda mrefu, uso mkavu.

"Chujio la mwangwi limekufa, mama," akasema. "Hukaa hapa, nyuma ya rejeta. Ukilipata niletee, nitalifunga mwenyewe."

Mama Sekela akapiga goti kushukuru. Alipoondoka, Lutengano akacheka mpaka kicheko kikagonga jabali na kurudi. Hakuna aliyemfuata yule mama kumwambia ukweli.

Zikapita Jumapili nyingi bila kumwona. Siku aliyorudi, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi na jabali halikuonekana. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kitenge.

"Nimelipata," akasema. "Madukani walinicheka. Mwishowe nikamkuta mzee mmoja kule juu milimani, amekaa kando ya njia. Hakuuliza ni la gari gani. Aliuliza nani kaliagiza. Nikamtajia jina lako, baba."

Lutengano akafunua kitenge. Kilikuwa chuma cheusi kilichopakwa grisi, kina joto kama yai lililotoka kutagwa.

"Mwambie ulikuwa unatania," rafiki yake Asajile akamnong'oneza. "Sema tu yaishe."

Lutengano akafumbua mdomo. Akaona wenzake wote wanamtazama, na aibu ikamshinda.

"Nipe spana," akasema.

Nyuma ya rejeta, mahali alipopajua kuwa ni patupu, palikuwa na matundu ya boliti. Alipoliweka chujio lilikaa sawasawa, na boliti zikaingia bila kulazimishwa.

Mama Sekela akawasha gari, nalo halikuguna tena. Akapiga honi. Wote wakanyamaza, kama ilivyo desturi. Jabali likarudisha honi, safi kabisa, kisha likacheka. Kilikuwa kicheko cha Lutengano, kilekile cha siku ile, wala hakikuisha upesi.

"Mbona unanicheka, baba?" Mama Sekela akauliza.

Mdomo wa Lutengano ulikuwa umefumbwa. Akaikimbilia pikapu yake, akapiga honi, wakasubiri. Jabali halikujibu. Akapiga tena, kisha akaliita jina lake mwenyewe kwa nguvu zake zote, akalia kama mtoto. Hakikurudi kitu. Tangu hapo kila Mama Sekela alipopita na gari lake, kicheko kilishuka mlimani na watu wakafunga madirisha. Mwenye kicheko hakucheka tena mpaka wakamzika, na uwanja ule ukaota magugu.

Bibi akaweka chini kikombe cha mwisho. Gwakisa naye hakuwa akicheka tena, alikuwa akitazama barabara. Mwenzake aliyemtuma alikuwa anarudi taratibu, amekumbatia kopo, na mwanga mdogo uliotoka humo ulikuwa ukimchezea kidevuni.

"Nenda ukampokee," Bibi akasema. "Mwagiza kisichokuwepo ndiye mpokeaji."