Mwiba Uliolala Upande

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hizo ni sauti za watu wa mbele tu. Na nyie mlioegemea ukuta huko nyuma, mlioleta watoto mkidhani hadithi ni ya watoto peke yao? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa tumetimia.

Hapo zamani za kale, mvua ilipokuwa bado inauliza njia, palikuwa na jabali. Jabali kubwa, jabali refu, limeinama kwa mbele kama bibi anayepuliza moto. Chini ya paji la jabali hilo mvua haikufika. Na pale penye ukavu, wanyama walichorana.

Walichorana kwa nini? Kwa sababu wanyama hawana makaburi. Mnyama akifa, mchwa wanakula, mvua inafagia, basi. Kwa hiyo wanyama wa jabali wakaweka ada: kila mzazi achorwe ukutani na mtoto wake mwenyewe, angali hai, amekaa mbele yake. Mgeni asichore. Mgeni hajui mama wa mwenzake anavyotazama.

Na kila masika yalipokaribia, watoto waliletwa ukutani kuamkia. "Shikamoo babu!" mtoto aliuambia mchoro. Na yule aliyeuchora alijibu kwa niaba yake: "Marahaba, mjukuu wangu." Ndivyo waliokufa walivyoamkiwa. Asiyechorwa, hakuamkiwa.

Basi palikuwa na nungunungu mmoja kijana, jina lake Kimwiba. Baba yake alikuwa ameshakwenda na njia zake. Kimwiba aliishi shimoni na mama yake na mdogo wake, Chembe, kitoto kichanga kisichojua kitu ila ziwa. Miiba ya Kimwiba ilipokomaa, mama akamwambia, "Mwanangu, umri umefika. Nenda kwa Bibi Pimbi ukajifunze kuchora, unichore."

Bibi Pimbi ndiye aliyewafundisha wote. Alikuwa mzee, macho yake yamejaa ukungu, lakini vidole vyake viliujua ukuta mzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

Kimwiba akajitazama. Akageuka huku. Akageuka kule. Juu ya tawi alikaa Tumbili, naye akaangua kicheko.

"Kwi kwi kwi! Kalamu tele mgongoni, na bado anatafuta kalamu!"

Bibi Pimbi akapapasa mgongo wa Kimwiba, akang'oa mwiba mmoja. Pwi! Akamtia mkononi.

"Haya. Saga makaa ya mti uliopigwa na radi. Changanya na maji. Chovya. Chora unachokiona, usichore unachokijua. Ukimaliza, paka utomvu wa mgunga juu yake. Bila utomvu, masizi ni vumbi tu. Kiganja kikipita, yamekwenda."

"Na nikichora vibaya, bibi?"

"Paka utomvu."

"Vibaya kabisa?"

"Paka utomvu, mjukuu wangu. Kesho utachora mwingine pembeni yake. Ukuta ni mrefu."

Kimwiba akaitika. Kuitika ni rahisi.

Mama akaja kuchorwa. Alitoka kuchimba mizizi, kucha zimejaa udongo. Akakaa juu ya jiwe bapa.

"Nikaeje?"

"Kaa tu, mama."

"Nitabasamu?"

"Mama!"

"Haya, haya. Nimenyamaza."

Lakini hakunyamaza. Mama alikuwa mtu wa kuimba, akikaa anaimba, akichimba anaimba. Akaimba:

*Chora, mwanangu, chora,*
*mstari ukipinda usiuonee haya;*
*njia ya kwetu nayo imepinda,*
*na bado hunifikisha kwako.*

Kimwiba akachora. Kwaru, kwaru. Akatazama, akachovya. Kwaru, kwaru. Miiba yote ya shingoni mwa mama ilisimama, ila mmoja. Mmoja ulilala upande. Siku shimo lilipobomoka, Kimwiba akiwa mdogo, mama aliuinua udongo wote kwa shingo yake mpaka mtoto akatoka. Udongo ulirudi mahali pake. Mwiba ule haukusimama tena.

Kimwiba aliuona umelala, akauchora umelala.

Mchoro ukaisha. Kichwa kikubwa. Mguu mmoja mrefu, mguu mmoja mfupi. Jicho moja limepanda juu kama linatafuta mwezi. Kimwiba akashika kijiti cha utomvu.

Tumbili akashuka kwenye tawi. Akainamisha shingo. Akazunguka upande wa pili.

"Fundi!" akasema. "Fundi wetu! Huyu ni mama yako au kiazi kilichoota? Na mwiba huu, mbona umelewa?"

Kwi kwi kwi! Swala akapita, akacheka. Ngiri akapita, akacheka mpaka akakaa chini.

Masikio ya Kimwiba yakawaka moto. Akanyoosha kiganja. Fyuu! Akafuta.

"Ee!" mama akashtuka. "Mbona umenifuta?"

"Hukufanana, mama."

"Mimi nilijiona pale."

"Walikuwa wanacheka. Subiri. Nikishajua, nitakuchora mpaka wafunge midomo."

Mama akajikung'uta udongo wa kucha. "Haya, mwanangu. Nitasubiri."

Na kweli alisubiri. Alikuja tena, akakaa. Kwaru, kwaru. Miguu ikalingana, lakini tumbo likawa kama kibuyu. Tumbili akacheka. Fyuu! Akaja tena, akakaa. Tumbo likakaa sawa, lakini pua ikakimbilia sikioni. Fyuu! Mkono wa Kimwiba ulijifunza kuchora polepole. Kufuta ulijifunza haraka. Pale ukutani, chini kabisa, pakafanyika doa jeusi, kubwa kama mgongo wa kobe.

Bibi Pimbi akaja kukagua kazi. Akapapasa ukuta, akapapasa tena, akanusa vidole vyake.

"Sisikii utomvu hapa. Unachora ukuta au unauosha?"

"Bado sijajua, bibi."

"Hakuna aliyekuuliza kama unajua. Nakuuliza, mama yako yuko wapi hapa ukutani?"

Kimwiba akatazama chini. Akasema lile wasemalo wote: "Kesho, bibi."

Pakaja asubuhi moja. Upepo wa masika ulikuwa umeanza kunusa majani. Mama alikuwa anakwenda kuvuka mto mkavu hadi ng'ambo, kwenye viazi mwitu, lakini kwanza akapitia jabalini. Safari hii kucha zake zilikuwa safi.

"Leo nimejisafisha," akasema. "Leo nipake utomvu, mwanangu. Hata nikiwa kiazi."

Kimwiba akachora. Kwaru, kwaru, kwaru. Akachora taratibu, na jua likawa linapanda. Miguu ikalingana. Tumbo likatulia. Macho yakakaa mahali pa macho, na yalikuwa yanatazama. Mwiba uliolala, akaulaza. Ukabaki mdomo. Akauchora mdomo, na mdomo ukapinda kidogo. Kidogo tu.

"Nipake," mama akasema.

Kimwiba akainua macho kwenye tawi. Tumbili alikuwa amekaa. Alikuwa hajacheka. Labda asingecheka. Lakini Kimwiba hakungoja kicheko. Alikuwa anakisikia tayari, ndani ya kichwa chake.

Fyuu!

"Kesho, mama. Kesho nitapatia."

Mama akautazama ukuta. Akalitazama jua, lilikuwa limeshapanda sana.

"Haya," akasema. "Kesho."

Akateremka kwenda mtoni. Kimwiba alisikia wimbo wake ukishuka bondeni, *njia ya kwetu nayo imepinda*, mpaka ukawa mdogo, mpaka ukawa haupo.

Juu milimani mvua ilikuwa inanyesha. Nani alijua? Jabalini palikuwa na jua. Mto mkavu ukaanza kunguruma. Ngu, ngu, ngu. Maji yakaja mekundu, yamebeba miti, yamebeba mawe, yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Yalipopita, ng'ambo palikuwa ng'ambo, huku palikuwa huku, na mama hakuwa huku wala ng'ambo.

Walimtafuta. Ngiri alitafuta matopeni. Swala alikimbia ukingo mzima. Tumbili alipanda kila mti, akaita mpaka sauti ikakauka. Hawakuokota hata mwiba.

Siku zikaenda, siku zikarudi. Kimwiba alimlea Chembe, na alipomaliza kulea, alichora. Alichora kama anayechimba. Akachora jani, akachora mjusi, akachora upepo kwenye nyasi. Mkono wake ukawa mkono. Watoto waliokuwa na mikono migumu alikaa nao, akawashika vidole, mpaka mama zao wakapatikana ukutani. Wanyama wakamwita Fundi, na safari hii hakuna aliyecheka. Tumbili mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kusagia makaa.

Chembe akakua. Masika yakakaribia, watoto wakaitwa ukutani. Huyu, "Shikamoo babu!" Yule, "Shikamoo bibi!" Marahaba, marahaba, jabali zima likaitikia. Chembe akaja akasimama nyuma ya kaka yake.

"Kaka, mimi nimwamkie nani?"

"Ngoja," Kimwiba akasema. "Ngoja kidogo."

Akang'oa mwiba mpya. Akasaga makaa laini kuliko unga. Akachora. Kwaru, kwaru. Akatokea nungunungu ukutani, mzima, ana uzito wake, ana pumzi zake. Wanyama wakasogea. Kimwiba akafika shingoni.

Mkono ukasimama.

Mwiba uliolala. Ulilala upande gani?

Akafumba macho. Akamwona mama amekaa juu ya jiwe. Akauona mwiba umelala kulia. Akatazama vizuri, akauona umelala kushoto. Akamsogelea ndani ya kichwa chake, na kila aliposogea, mama aligeuza shingo.

"Bibi," akasema, "mwiba wa mama ulilala upande gani?"

"Mjukuu wangu," Bibi Pimbi akajibu, "macho yangu yana ukungu tangu wewe hujazaliwa. Ndiyo maana nilikwambia wewe utazame."

"Tumbili! Wewe uliuona. Uliuona kila siku!"

"Niliuona!" Tumbili akaruka. "Ulilala kulia. Hapana. Kush... Kulia." Akashika kichwa. Akakaa chini, mkia umelala vumbini. "Fundi, nisamehe. Mimi niliucheka. Sikuutazama."

Kimwiba akaulaza mwiba kulia. Mchoro ukawa nungunungu mgeni. Akautia mwingine, akaulaza kushoto. Ukawa mgeni mwingine. Mdomo je, ulikuwaje akiimba? Jicho je, lilijikunja wapi? Mkono ulikuwa unajua kila kitu sasa, ila hapakuwa na mtu juu ya jiwe.

Chembe akautazama mchoro, akautazama sana.

"Ni mzuri huyu," akasema. "Ni nani?"

Kimwiba akaweka kalamu chini.

Akachukua utomvu wa mgunga. Hakuupaka juu ya yule nungunungu mzuri. Huyo aliachwa hivyo hivyo, upepo ukamla kidogo kidogo. Kimwiba akainama chini kabisa ya ukuta, pale penye doa jeusi. Akalipaka utomvu doa lote, polepole, ukingo kwa ukingo, kama anayemfunika mgonjwa.

"Njoo, Chembe. Mwamkie huyu."

"Huyu? Kaka, huyu hana uso."

"Ndiye. Masizi haya ni yeye."

Chembe akapiga magoti. "Shikamoo mama."

Ada inajulikana. Aliyechora ndiye anayejibu. Kimwiba akafungua mdomo. Alikuwa amewafundisha wengi kujibu, neno lilikuwa fupi, neno lilikuwa jepesi. Lakini marahaba ya mama yake haikutoka. Angeijibuje kwa sauti ya mtu aliyemfuta?

Chembe akasubiri. Kisha akaamkia tena, taratibu zaidi, kama anayemwamkia mtu aliyelala.

Kimwiba alizeeka palepale jabalini, akifundisha. Kila mwanafunzi mpya alipomaliza mchoro wake wa kwanza, wenye mguu mrefu na mguu mfupi, Kimwiba alikuwa ameshashika kijiti cha utomvu. Hakungoja kuulizwa. Na hakukosekana mwanafunzi wa kusema, "Mwalimu, ukuta wote una watu. Hili doa hapa chini ni nini?"

Naye aliwajibu hivyo hivyo siku zote.

"Huyo ni mama yangu. Na hizo alama mnazoziona juu yake ni vidole vyangu, vinamfuta."

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Anayejifunza asiionee haya kazi ya mkono wake mchanga. Kilichopinda leo kitanyooshwa kesho, lakini kilichofutwa hakina kesho. Na wewe unayemcheka mwenzako anapoanza, ujue kicheko chako nacho kinafuta.

Hadithi yangu imefika ukutani, imeishia hapo. Mwenye mama, akirudi nyumbani, amtazame vizuri.