Maua ya Mlangoni kwa Atuganile

Mwanamke mmoja wa milimani, jina lake Atuganile, alikuwa na kichaka cha maua mlangoni kwake: petali nyeupe pe, na katikati kitovu cha njano kama kiini cha yai. Kila mwaka kilichanua upya kutoka mizizi ileile. Alikipenda, jamani! Alikimwagilia kabla hajanywa chai. Na alikuwa amemwahidi binti yake Bupe jambo moja: siku akiolewa, atatoka nyumbani ameshika maua ya mlango huo, si ya mlango mwingine.

Majirani wakipita waliyasifu na kuomba chipukizi. Atuganile alijibu leo kwa kukohoa, kesho kwa kuuliza habari za watoto. Lakini wifi yake Tumpale hakuwa mtu wa kuzungushwa. Kila Jumapili wakitoka kanisani ni hayohayo, maua yangu lini, mpaka Atuganile akachoka. Akachukua jembe kwa hasira, akakichimbua kichaka chote.

Sasa tazameni akili yake. Katikati palikuwa na shina kuukuu, nene, gumu kama kuni. Hilo akaliona ndiyo mali. Akalirudisha shimoni na kulijazia samadi. Pembeni palikuwa na vichipukizi vyembamba, laini. Hivyo akaviona takataka, akampa Tumpale na kila aliyewahi kuomba, huku amenuna, uso umemvimba.

Kumbe ua lile lina tabia yake. Moyo wake huzeeka, na uhai hukimbilia pembeni. Mvua za kwanza shina likatoa majani mawili matatu ya kutia huruma. Mvua zilizofuata likaoza, samadi na yote. Na ndipo harusi ya Bupe ikatangazwa. Atuganile akachutama mlangoni akalia, kwa sababu mtoto alikuwa hajasahau ahadi. Kwenda kuomba kwa watu hakuweza. Angeomba kwa mdomo upi?

Asubuhi ya harusi akasikia vigelegele njiani. Akachungulia. Tumpale alikuwa mbele, nyuma yake majirani wote, kila mmoja amekumbatia maua meupe, wengine wamejaza ndoo.

"Wifi, toka nje! Tumekuletea maua ya mlangoni kwako!"

Atuganile akatoka mbio bila viatu. Alitaka kuomba radhi, lakini kicheko kikamtoka kwanza, akacheka mpaka akamwegemea wifi yake asianguke. Bupe akatoka nyumbani siku ile amebeba maua yanayomfika kidevuni, na yaliyobaki wakayapanga njiani mpaka kanisani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, nami niwaulize. Ikiwa kilichotolewa kwa kununa kilirudi na vigelegele namna ile, ingekuwaje kama angekitoa akicheka?