Kwa Nini Mize Anazunguka Kinyume

Sikilizeni, na msinikatize, maana kisa hiki kila nikikisimulia hasira hunipanda upya.

Hapo kale, mbingu zilipokuwa bado zina jiko na mkeka, sayari Zohali, lile jitu, alikuwa mama wa watoto wengi. Watoto wake ni miezi, na kitinda mimba wao aliitwa Mize. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: kabla ya kula, mdogo hushika birika na beseni akawanawisha wote, akizungukia kulia. Kuzungukia kushoto lilikuwa tusi zito.

Mize aliwanawisha. Kila alipomaliza duru alikuta sinia jeupe, akaishia kukwangua ukoko wa chungu mpaka uso ukashika masizi. Kaka zake wakamwita Masizi, wakacheka, na mama akacheka nao. Kicheko hicho cha mama ndicho kilichomchoma. Wapo wanaosema eti Mize alikuwa na kiburi. Kiburi gani? Mtoto alitaka kula na wenzake!

Siku ya sikukuu mama akamwahidi, "Leo utakaa ubavuni mwangu, mwanangu, ule wali ungali moto."

Mize akajisugua uso hadi ngozi ikawaka. Masizi hayakutoka, akaja hivyo hivyo. Aliwanawisha wote mapema, akakaa. Hajagusa hata tonge, kaka yake mkubwa, Makame, akafika amechelewa, akanyoosha mikono bila kumtazama.

"Maji," alisema.

Mize akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameshaanza kusogea ili Makame apate nafasi, nafasi ile ile ya Mize.

"Mnawishe kakako kwanza. Wewe utakula baadaye."

Hapo Mize akafura. Akainuka na birika, akageukia kushoto, akauzunguka mkeka wote akimwaga maji chini, miguuni pa kila mmoja wao. Maji yakaganda, yakawa ile pete ya barafu inayomzingira Zohali.

"Mize! Zunguka kulia, unatuaibisha!"

"Zungukeni ninyi, mama. Mimi kulia nimeshazunguka vya kutosha."

Akatimua mbio ahame kabisa, lakini mvuto wa mama ukamshika huko mbali, usimwachie aende wala usimrudishe mkekani. Hilo likamtia ghadhabu kuliko yote: nafasi ya kukaa amenyimwa, na ruhusa ya kuondoka amenyimwa.

Na tangu siku hiyo Mize, mdogo, mweusi wa masizi, humzunguka mama yake kwa mbali, kinyume cha ndugu zake wakubwa. Mama humwita, naye hupita. Nao ndugu, waliozoea kumwona ameinama na beseni, sasa kila wakipishana naye hukutana uso kwa uso. Wao ndio huinamisha macho.