Injini ya Baridi

Watu wengi huikumbuka methali ya mwenda pole hajikwai pale wanapotaka kuutetea uvivu wao. Aliyechelewa kazini huitaja, aliyeunguza chungu huitaja, na mwanafunzi aliyelaza vitabu mpaka mtihani ukabisha hodi naye huitaja. Wanaionea bure. Methali hii haina habari na mvivu, kwa kuwa mvivu haendi. Inamhusu mtu aliye safarini, tena penye njia mbaya, ambaye hutazama kwanza kabla ya kukanyaga. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa aliijua tangu utotoni, maana baba yake aliirudia kutwa kucha. Aliijua kwa ulimi tu. Moyo wake ulichelewa kuipokea, na hadithi hii inaeleza ulivyochelewa.

Baba huyo alikuwa fundi baiskeli mstaafu, mpole, mwenye vidole vigumu kama mizizi. Katika ujana wake alishiriki mashindano ya pikipiki za mawe. Usidhani ni mbio. Pikipiki ya mawe haina kiti. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio na kupita taratibu juu ya majabali na magogo. Kila mguu wake unapogusa chini, mwamuzi humwandikia alama moja, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Njia hugawanywa katika vituo, na mwishoni mwa kila kituo mwamuzi huinua vidole kuonyesha idadi ya alama. Kama mguu haukugusa chini kabisa, hufumba mkono na kuinua ngumi.

Sebuleni mwao kulikuwa na picha ya zamani. Baba, mwenye nywele nyingi wakati huo, alikuwa juu ya kituo kilichoitwa Ngazi, majabali manne yaliyopandana katika machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Nyuma yake mwamuzi ameinua kidole kimoja. Baba aliijaribu Ngazi miaka kumi na mmoja, na ngumi ile hakuiona hata mara moja. Kila akiwaonyesha wageni picha ile alicheka, lakini binti yake, yule dereva, alikijua kicheko hicho mpaka mwisho wake, mahali kinapogeuka kuwa kitu kingine.

Kisha presha ya macho ikaingia. Daktari wa macho alisema bila kuzunguka: kabla mwaka haujaisha, mzee angebaki kuona vivuli tu. Binti alitoka hospitali akiwa amekwisha kata shauri. Mashindano ya mwaka huo yalibakia miezi mitatu. Angenunua pikipiki iliyotumika, ajifunze, aipande Ngazi bila kugusa chini, na baba yake aione ngumi ile kwa macho yake kabla hayajafungwa.

"Miezi mitatu?" baba aliuliza. "Mama, hata kusimama juu ya kitu kisicho na kiti hujui."

"Nitajifunza. Mimi naendesha kila siku, baba."

"Unaendesha na king'ora, watu wakikupisha. Jabali halimpishi mtu." Alimshika mkono. "Haya, nimekubali. Lakini pikipiki iliyotumika ni kama mchumba, huposi siku ya kwanza. Tutakwenda pamoja. Na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka tufike."

Binti aliitikia, ila maneno hayo ya mwisho aliyaweka katika fungu la ukaidi wa wazee. Kazini kila alfajiri aliliwasha gari la wagonjwa na kuliacha lipate moto, kwa sababu injini baridi humchelewesha mgonjwa. Kwake yeye, injini ya moto ilikuwa injini njema. Haikumpitikia kwamba duniani kuna watu wanaopasha injini kwa sababu nyingine.

Siku ya tatu, alipotoka zamu, alimpigia simu muuzaji mmoja aliyetajiwa na wenzake, akaenda kwake peke yake. Pikipiki ilikuwa nyekundu, yenye injini kubwa na vibandiko vipya vinavyong'aa. Alipoisogelea alihisi joto gotini, akafurahi.

"Dada, hii haina longolongo," muuzaji alisema. "Mguu mmoja tu, tazama."

Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Binti hakuuliza la pili. Jioni hiyo hiyo iliteremshwa uani kwao, na jirani akachungulia juu ya ukuta kwa huruma. "Poleni. Kiti wamekiiba njiani?"

Baba hakucheka. Aliizunguka pikipiki akiipapasa. "Ulipofika ilikuwa ya moto au baridi?"

"Ya moto. Ilikuwa tayari kabisa."

Mzee alijifuta mikono. "Mwanangu, anayekupikia kabla hujabisha hodi, njaa anayo yeye. Injini ikipashwa huficha ubovu wake. Usiiguse mpaka asubuhi."

Asubuhi ikafika. Binti alipiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni. Jirani aliyekuwa akipiga mswaki alihesabu arobaini na sita. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatimaye injini ilikohoa moshi ikawaka. Wakati huo binti alikuwa amekwisha kasirika, na hasira zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye mkono wa resi.

"Zima kwanza, upumue," baba alisema.

"Itazimika moja kwa moja, baba. Muda hatuna."

Akaachia klachi. Pikipiki iliruka, ikaukwea ukuta kwa gurudumu la mbele, ikamwangusha chali juu ya mawe ya kufulia. Mtulinga wake, mfupa wa begani, ukavunjika. Alipelekwa hospitali kwa gari lake mwenyewe, likiendeshwa na mwenzake, ambaye kwa heshima alizima king'ora ili asimwongezee aibu.

Mashindano yalifanyika mkono wake ukiwa ndio kwanza umefunguliwa, bado hauna nguvu ya kushika usukani. Mwezi uliofuata baba alianza kumimina chai nje ya kikombe. Kufikia mwisho wa mwaka aliweza kutofautisha dirisha na ukuta, basi. Picha ya sebuleni aliipangusa vumbi kila Ijumaa kama zamani, ila sasa aliipangusa kwa kuifuata pembe zake kwa vidole.

Siku moja binti alimkuta akifanya hivyo, machozi yakamshinda. "Nisamehe, baba. Nilitaka uione. Nimeyapoteza macho yako kwa haraka zangu."

"Macho yangu uliyapoteza wewe?" Mzee alimvuta karibu. "Yalikuwa yakienda zao hata ungeketi kama sanamu. Ulikimbia kwa kunipenda, na mimi ninajua. Lakini sasa macho yamekwenda, na haraka nayo imekwenda. Tumebaki na nini?"

Binti alijifuta machozi kwa kiganja.

"Tumebaki na muda, mama. Kaitafutie ile nyekundu mtu anayetaka vipuri, umwambie kila ubaya wake. Halafu tuanze upya."

Walianza upya. Walitazama pikipiki tano wakaziacha tano. Ya sita ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma ambaye watu walimwita Goti, kwa sababu ya goti lake lililogoma. Alikuwa ameambiwa asiiwashe, naye hakuiwasha. Ilikuwa ya injini ndogo, kuukuu, rangi yake imepauka hata haitajiki.

Mzee aliweka kiganja juu ya injini. Baridi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaomba kijiko, akagonga spoku za magurudumu moja baada ya nyingine huku ametega sikio. Zote zililia sauti moja isipokuwa mbili zilizolegea. Akashika gurudumu la nyuma akalitikisa kushoto na kulia, wala halikuchezacheza. Akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya bamba linalokinga injini.

"Limekwaruzwa sana," alisema.

"Sana, mzee," Goti alikiri. "Mawe hayo. Bamba lingine ninalo, ningeweza kukufungia, lakini niliona ni kukudanganya."

"Ungelifunga tungeondoka." Akamgeukia binti yake. "Haya, kiki."

Ya kwanza kimya. Ya pili ikanong'ona. Ya tatu ikawaka, taratibu, tuk, tuk, tuk. Hata hivyo walirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu, na mara zote waliikuta baridi na mara zote ikawaka. Ndipo wakaichukua. Goti aliishika mkono wa usukani kama mtu anayemuaga ndugu, kisha akaomba ruhusa ya kuja kutazama mazoezi.

Mwaka mzima binti alijifunza uani, jioni za siku ambazo hakuwa na zamu. Kwanza kusimama tu, injini imezimwa. Kisha kupita juu ya tofali moja. Kisha mawili. Baba aliketi kwenye kigoda, akisikiliza. "Kiatu," alisema kila mguu ulipogusa chini. "Kiatu. Kiatu tena, mama, leo umekuja kucheza ngoma?" Walicheka sana uani pale. Siku ambazo injini iliunguruma kwa hasira, mzee alisema neno moja tu, "Subiri," na binti alisubiri, akajishangaa kuwa ameweza.

Siku ya mashindano, katika vituo vya mwanzo, miguu yake iligusa chini mara saba. Mbele yake washindani wengine waliivamia Ngazi kwa ngurumo, wakaporomoka na kokoto zao. Baba alikaa kando ya jabali la mwisho, Goti akiwa ubavuni mwake, amekatazwa kumsimulia chochote.

Injini ndogo ikaanza kupanda. Tuk, tuk, tuk. Jabali la kwanza. La pili. Juu ya jabali la tatu pikipiki iliinama upande, sauti ikashuka karibu kufa. "Piga resi!" mtu mmoja alipaza sauti. Binti hakupiga. Alisimama palepale juu ya vikanyagio, akilitazama jabali la nne mpaka akaona gurudumu litakapokaa. Baba alijua kwa sikio alipofika. Aliwahi kusimama mahali hapo hapo, akakosa subira, akatia mguu.

"Subiri," mzee alinong'ona, ingawa hakuna aliyemsikia.

Klachi ikaachiwa pole. Mnyororo ukavuta. Mpira ukauma mwamba, ukapanda, ukafika.

Watu wote walimgeukia mwamuzi. Mzee hakuwa na mwamuzi wa kumtazama. Alikuwa amesikiliza Ngazi nzima, na hakusikia kiatu. Kabla mwamuzi hajainua mkono, kabla Goti hajafungua kinywa, mzee alifumba vidole vyake vigumu na kuinua ngumi juu ya kichwa chake, machozi yakimtiririka bila kuyaficha. Binti akiwa juu ya jabali aliona ngumi mbili, ya mwamuzi na ya baba yake, na ile ya baba ilitangulia.

Alizima injini, akashuka, akaja akamkumbatia.

"Umeona, baba?"

"Nimeona, mama," mzee alisema. "Mwenda pole hajikwai."